Usiku intaneti inakwama Langoni: nipime upana wa njia au urefu wa foleni?

Mwanafunzi wa Langoni aliuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu na walimu wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, na niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Mradi wangu wa utafiti unahusu udhibiti wa msongamano katika intaneti, yaani zile kanuni ambazo kompyuta inayotuma data huzifuata ili iamue ni pakiti ngapi, yaani vipande vidogo vya data, izitie njiani kwa wakati mmoja na ni lini ipunguze mwendo. Mada hii niliichagua kwa sababu ya nyumbani kwetu. Mchana hali si mbaya, lakini baada ya Isha, watu wanapokuwa wamerudi majumbani na kila mmoja ana simu mkononi, mazungumzo ya sauti hukatikakatika na ukurasa mwepesi wa maandishi matupu hukawia hata mtu akakata tamaa ya kuusoma. Sisi hutumia ruta moja ya 4G yenye laini ya simu ndani yake, na watu saba huunganishwa nayo.

Nilikuwa nimekwisha kuandika pendekezo la utafiti linalosema kwamba tatizo ni ufinyu wa njia na kwamba dawa yake ni kuongeza megabiti. Msimamizi wangu alinirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni neno moja tu: "Umepimaje?" Niliona haya, kwa sababu sikuwa nimepima chochote.

Basi likizo hii nimepima. Niliketi kwenye daka la nyumba yetu na laptopu, nikawasha amri ya ping kuelekea seva iliyoko Nairobi, iwe inabisha hodi kila sekunde. Kabla ya mtu mwingine kugusa mtandao, safari ya kwenda na kurudi ilichukua milisekunde 40 hadi 50. Kisha dada yangu akaanza kuwatumia jamaa zetu walioko Maskati video ya bi harusi akitiwa hina. Nambari zikapanda mbele ya macho yangu: 90, 260, 700, 1,300, hadi zikatulia karibu na 1,900. Hakuna pakiti hata moja iliyopotea. Video ilipokwisha kwenda, nambari zilishuka zikarudi 45 kwa muda wa sekunde mbili au tatu, kama maji yanapokupwa. Nilimwomba arudie mara nne, na mara zote ikawa vivyo hivyo.

Sasa nina maswali ambayo yameniharibia pendekezo langu. Ikiwa pakiti hazikupotea, zilikuwa wapi kwa muda wa karibu sekunde mbili? Je, kosa ni la itifaki ya TCP, yaani kanuni zinazosimamia utumaji wa data kati ya kompyuta mbili, la ruta, au la mnara wa simu? Na je, mtu aliye kisiwani, asiye na maabara wala vifaa vya gharama, anaweza kulitafiti jambo hili kwa namna ambayo chuo kitaikubali?

Fundi wa Barani alijibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Mimi si mtu wa chuo. Nafunga na kutengeneza mitandao ya maduka na nyumba za wageni hapa Malindi kwa miaka mingi sasa, na ulichokiona kwenye daka lenu nimekiona mara nyingi mno. Pakiti zako zilikuwa kwenye foleni, nyuma ya video ya dada yako, ndani ya kile kisanduku kilicho ukutani kwenu.

Kila ruta ina kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti ambazo bado hazijapata nafasi ya kuondoka. Wataalamu huiita bafa. Watengenezaji huweka bafa kubwa wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu, kwa hiyo heri zisubiri kuliko zitupwe. Fanya hesabu ndogo. Tuseme bafa ina kilobaiti 250, na njia yako ya kupakia inabeba megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kilobaiti 250 ni megabiti 2. Kwa hiyo bafa hiyo ikijaa, pakiti yoyote inayofika mwisho wa foleni itasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka nje ya nyumba, hata kama ni pakiti ndogo ya sauti ya mtu anayesema "alo".

Nitakueleza kisa kimoja. Mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na ufuo aliniita kwa sababu wageni wake walikuwa wakilalamika kila jioni. Kabla ya kuniita alikuwa amekwisha kununua kifurushi chenye kasi mara mbili ya kile cha mwanzo. Siku chache hali ilikuwa njema, halafu malalamiko yakarudi, maana simu za wageni zilikuwa zikipakia picha za siku nzima kwenye hifadhi za mtandaoni mara tu zikishika Wi-Fi, na programu ya kupakia picha haishibi, huchukua kila unachoipa. Nilichofanya hakikuhitaji pesa nyingi. Niliweka ruta ya pili yenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, nikaiamuru ipitishe asilimia 90 tu ya kasi halisi ya kupakia, na nikawasha upangaji wa foleni unaoitwa fq_codel. Kwa kupunguza ile asilimia 10, foleni iliacha kujengeka ndani ya kisanduku cha kampuni, ambacho siwezi kukiamuru lolote, ikahamia kwenye ruta yangu. Na huko kwangu kila mkondo wa mawasiliano huwekwa kwenye foleni yake, kwa hiyo sauti ya mtu haisimami tena nyuma ya picha mia tatu za mwenziwe.

Yule bwana ilimwia vigumu kusadiki kwamba mtandao wake umekuwa mwepesi kwa sababu nimeupunguza. Nilimwonyesha kwa ping, kama ulivyofanya wewe.

Lakini nakuonya: nyumba ile ilikuwa na faiba, ambayo kasi yake haibadiliki sana. Kwenu mnatumia 4G. Leo saa nane mchana mnara utakupa megabiti 8, usiku utakupa moja, na ile asilimia 90 sijui utaikata kutoka nambari ipi. Hapo ndipo mimi hukwama.

Mwalimu wa Mitandao alijibu:

Ndugu mwanafunzi, msimamizi wako amekutendea wema mkubwa kwa neno lake moja, na wewe umemlipa vizuri kwa kupima. Fundi amekuonyesha mahali pakiti zilipokuwa. Mimi nifundishaye somo hili nitaeleza kwa nini TCP, ambayo iliundwa ili kuzuia msongamano, inaijaza bafa hiyo mpaka ukingoni, kwa sababu bila ya kulielewa hilo utafiti wako utakuwa ni jedwali la nambari tu.

Mwezi Januari 1984, John Nagle, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ford Aerospace nchini Marekani, aliandika waraka namba 896 wa RFC, mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti, akionya kwamba mitandao iliyounganishwa kwa TCP na IP inaweza kuporomoka kwa msongamano. Alieleza kwamba mtandao unapozidiwa, pakiti huchelewa. Mtumaji hudhani zimepotea, akazituma tena. Zile nakala nazo huongeza msongamano, na mwishowe njia hujaa nakala za vitu vilivyokwisha kufika. Oktoba 1986 jambo hilo likatokea kweli. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali wa yadi 400 tu, ambao mtu wa Lamu huutembea kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza mlangoni, kasi ya data ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Si kilobiti 40. Ni biti 40. Waya zilikuwa zile zile na kompyuta zile zile. Kilichokosekana ni adabu ya kutuma.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, pamoja na Michael Karels wa Berkeley, walilichunguza tukio hilo na mwaka 1988 Jacobson akachapisha makala ambayo mpaka leo hatuwezi kufundisha somo hili bila kuirejea. Msingi wake ni kwamba mkondo uliotulia usitie pakiti mpya njiani mpaka ya zamani iwe imetoka, na kinachomjulisha mtumaji kwamba imetoka ni stakabadhi inayorudi kutoka kwa mpokeaji. Mtumaji huweka kikomo cha pakiti ambazo hazijapata stakabadhi, na kikomo hicho tunakiita dirisha la msongamano. Mwanzoni dirisha huongezeka maradufu kila safari ya kwenda na kurudi. Likikaribia kiwango cha hatari, huongezeka kwa pakiti moja moja. Na pakiti ikipotea, hukatwa. Kuongeza kwa kujumlisha na kupunguza kwa kugawanya si desturi tu. Mwaka 1989 Dah-Ming Chiu na Raj Jain walionyesha kwa hesabu kwamba ndiyo njia inayowaelekeza watumaji wasiojuana kwenye mgawo ulio sawa.

Sasa tazama kasoro iliyojificha humo. Mtumaji hupunguza mwendo anapoona pakiti imepotea. Wakati kumbukumbu ilipokuwa ghali na bafa zilikuwa ndogo, upotevu ulifika mapema na ulikuwa onyo la haki. Kumbukumbu ilipokuwa rahisi, watengenezaji wakazidisha bafa, na onyo likawa halifiki mpaka foleni imekwisha kuwa ndefu kupita kiasi. TCP ya simu ya dada yako haikukosea kanuni hata moja. Iliendelea kuongeza pakiti kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame, na ruta yenu, kwa kukataa kutupa hata pakiti moja, iliificha habari ambayo mtumaji alikuwa akiingojea. Mwaka 2010 Jim Gettys aliliona jambo hilo hilo nyumbani kwake, alipokuwa akinakili faili, na akaupa ugonjwa huu jina la bufferbloat, ambalo kwa Kiswahili naliita uvimbe wa bafa. Kwa hiyo usione haya kwamba maabara yako ni daka.

Kuhusu swali la nani ana kosa, ni muhimu ujue foleni iko wapi hasa, maana wengi hulichanganya. Katika 4G, data inayoshuka kuja kwako husubiri mnarani, na kwa kawaida mnara huweka foleni ya kila kifaa mbali na ya mwenziwe. Data inayopanda husubiri ndani ya modemu yako mwenyewe mpaka mnara uiruhusu kutuma. Hivyo video ya harusi iliwaathiri nyinyi saba mliounganishwa na ruta ile, wala haikusimama mbele ya pakiti za jirani. Jirani anakuathiri kwa njia nyingine: mnara hugawa masafa yale yale kwa watu wengi zaidi, na fungu lako hupungua. Rudi sasa kwenye hesabu ya Fundi. Bafa ya kilobaiti 250 ambayo humwagika kwa sekunde 1 kwenye kasi ya megabiti 2, itahitaji sekunde 4 kasi ikishuka hadi nusu megabiti. Bafa haikubadilika, ila saa ya usiku imeifanya kuwa ndefu mara nne. Kwa maoni yangu, pendekezo lako la kwanza na ugunduzi wako wa pili hukutana hapo. Ufinyu wa njia ni wa kweli, lakini maumivu mnayoyasikia ni ya foleni ambayo ufinyu huo huirefusha.

Kwa sababu hiyo napenda usome kwa makini kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ya mwaka 2012 iitwayo CoDel, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya ile fq_codel ya Fundi. Mbinu za kabla yake, kama ile ya RED ambayo Sally Floyd na Jacobson waliitoa mwaka 1993, ziliangalia urefu wa foleni kwa wastani. CoDel haijali foleni ina baiti ngapi. Huangalia kila pakiti imesubiri muda gani, na ikiwa muda huo umezidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, huanza kutupa pakiti ili mtumaji apate onyo lake mapema. Njia ambayo kasi yake hupanda na kushuka, kama yenu, ndiyo hasa inayohitaji kipimo cha wakati badala ya kipimo cha ukubwa.

Binti Shela alijibu:

Salaam kwenu nyote. Mimi ninasoma shahada ya uzamili na nimekulia Lamu vilevile, kwa hiyo maumivu ya saa za usiku nayajua.

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu foleni, lakini nadhani tumeharakisha kuwalaumu watengenezaji wa ruta, ilhali mtumaji mwenyewe anaweza kubadilishwa. Tangu mwaka 2006, mfumo endeshi wa Linux hutumia CUBIC kama algorithimu yake ya kawaida ya udhibiti wa msongamano. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Injong Rhee, Lisong Xu na Sangtae Ha, kwa ajili ya njia ndefu zenye kasi kubwa ambamo TCP ya zamani ilichukua muda mrefu mno kupanda. CUBIC huongeza dirisha kwa kufuata muda uliopita tangu pakiti ilipopotea mara ya mwisho, na si kwa kufuata urefu wa safari, jambo ambalo ni la haki zaidi kwa sisi tulio mbali na seva. Hata hivyo nayo bado husubiri upotevu.

Mwaka 2016 watafiti wa Google, akiwemo Neal Cardwell na huyo huyo Van Jacobson, walitoa BBR, ambayo haisubiri upotevu. Hupima mambo mawili, kasi kubwa kabisa ambayo njia imewahi kupitisha na muda mfupi kabisa wa safari, kisha hutuma kwa kufuata zao la vipimo hivyo. Njia ya megabiti 20 yenye safari ya milisekunde 200 hutosha pakiti takriban 333 za baiti 1,500. Ukizidisha hapo, unachoongeza ni foleni tu.

Lipo na suala la upotevu usiotokana na msongamano. Kuna kanuni iliyochapishwa na Matthew Mathis na wenzake mwaka 1997, inayosema kwamba kasi ya TCP ya zamani iitwayo Reno hugawanywa kwa muda wa safari na kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Nilipoiweka kwenye hesabu, pakiti za baiti 1,460, safari ya milisekunde 200 kwenda Ulaya na upotevu wa pakiti 1 katika kila 100 zilinipa megabiti 0.7 kwa sekunde, hata kama umenunua megabiti 50. Safari ikiwa ya milisekunde 20, kwa upotevu ule ule, unapata megabiti 7. Nilipoiona nambari hiyo nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini seva iliyo karibu ni neema, na kwa nini vituo vya kubadilishana data humu nchini, kama kile cha KIXP cha Nairobi, vina maana hata kwa mtu wa kisiwani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ulinganishe CUBIC na BBR kutoka nyumbani kwenu, uonyeshe BBR inavyoiondoa foleni, na utafiti wako utakuwa umekamilika.

Mwalimu wa Mitandao alijibu:

Binti Shela, hesabu zako ni sahihi, na nimefurahi umeleta kanuni ya Mathis, ila hitimisho lako silikubali.

BBR ikiwa peke yake njiani ni nzuri sana. Shida huanza inapokutana na wengine. Mwaka 2019 Ranysha Ware na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba mkondo mmoja wa BBR ya toleo la kwanza ulijichukulia takriban asilimia 40 ya njia hata uliposhindana na mikondo 16 ya CUBIC au Reno. Na kwa upande mwingine, mtumaji mmoja akijizuia kuijaza bafa, jambo hilo halimsaidii kitu ikiwa mwenziwe anaijaza, kwa sababu foleni ni moja na wote wawili wanasimama humo humo. Tena, mwanafunzi huyu hawezi kuichagua algorithimu ya simu ya dada yake, wala ya seva inayomletea video. Usukani wa udhibiti wa msongamano ameushika mtumaji. Unapopakua, algorithimu iliyowekwa kwenye laptopu yako haihusiki hata kidogo.

Ndugu mwanafunzi, usinisadiki kwa sababu mimi ni mwalimu. Laptopu yako ikiwa na Linux, unaweza kubadilisha algorithimu kwa amri moja ya sysctl. Pima CUBIC peke yake, BBR peke yake, kisha zote mbili kwa pamoja, kwa kutumia programu ya iperf3 kupakia, huku ping ikiendelea pembeni. Fanya saa nane mchana na saa tatu usiku, siku si moja.

Mwanafunzi wa Langoni alijibu:

Walimu wangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Nimepima siku sita.

CUBIC ikiwa peke yake usiku, ucheleweshaji hutulia kati ya milisekunde 1,600 na 2,100. BBR ikiwa peke yake, hubaki chini ya 200 kwa muda mwingi, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani Binti Shela ameshinda. Kisha nikawasha zote mbili. Ndani ya sekunde kumi ucheleweshaji ukarudi 1,500, na pakiti za BBR zikawa zinasubiri sawasawa na zile za CUBIC. Nilimwita dada yangu aje aone, nikamweleza kwamba pakiti za BBR zilizojitahidi kuwa na adabu zimesimama nyuma ya zile za CUBIC. Akaniuliza kwa nini basi kisanduku hakitengi foleni mbili. Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake.

Mchana, kwa CUBIC ile ile, ucheleweshaji haukuzidi 500, na kasi ya kupakia ilikuwa takriban mara nne ya ile ya usiku. Mwalimu, hesabu yako ya bafa ile ile na saa tofauti imetimia nyumbani kwetu karibu nambari kwa nambari.

Kwa hiyo nimeliandika upya swali la utafiti, nanyi mnikosoe: kwenye ruta ya nyumbani ya 4G ambayo kasi yake hubadilika saa hadi saa, kikomo kisichobadilika kama kile cha Fundi hupoteza kiasi gani cha kasi mchana, na huacha foleni ya muda gani usiku, ukikilinganisha na kikomo kinachojirekebisha chenyewe kwa kufuata ucheleweshaji uliopimwa?

Mwalimu wa Mitandao alijibu:

Hilo ni swali la utafiti. Lina vipimo viwili vinavyovutana, na unaweza kulijibu ukiwa hapo ulipo.

Nakuongezea jambo moja la utaratibu. Usiku mmoja haufanani na mwingine, kwa hiyo ukipima kikomo cha kwanza Jumatatu na cha pili Jumanne, mtahini atakuuliza kama tofauti imetoka kwenye kikomo au kwenye mnara, nawe hutakuwa na la kusema. Watafiti wa MIT walitoa zana iitwayo Mahimahi ambayo huchukua rekodi ya nyakati ambazo njia iliweza kupitisha pakiti, kisha huiga njia hiyo ndani ya laptopu. Rekodi njia yenu ya 4G usiku na mchana, kisha upitishe kila mbinu juu ya rekodi ile ile. Hapo mbinu zote zitakuwa zimekutana na usiku mmoja wa Langoni. Baadaye thibitisha matokeo machache kwenye ruta halisi, kwa sababu kuiga kuna mipaka yake na ni lazima uiseme.

Na rekodi hizo zihifadhi vizuri. Rekodi za njia za simu ambazo wanafunzi wengi duniani huzitumia zimechukuliwa katika miji ya Marekani, na ningependa sana kuwapa wanafunzi wangu za kwetu.

Fundi wa Barani alijibu:

Mwanangu, swali lako ndilo lile lililonishinda mimi, kwa hiyo nina haja na jibu lake kuliko hata huyo mtahini wako. Programu za kurekebisha kikomo zenyewe zipo za OpenWrt, ila sijazijaribu kwenye 4G ya huko kwenu.

Ninayo ruta moja niliyoitoa kwenye duka lililofungwa. Imepigwa na jua upande mmoja lakini ni nzima na inakubali OpenWrt. Usiku huu nitaifuta na kuiwekea toleo jipya. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi la Lamu, nawe umngojee Mokowe, gati ya upande wa bara, kabla ya adhuhuri. Chukua na kebo yako ya Ethernet, maana niliyo nayo kichwa chake kimevunjika.

Mwanafunzi wa Langoni alijibu:

Shukrani, mzee wangu. Nitavuka na mashua ya saa tatu asubuhi niwahi kufika. Mwalimu, nimeanza kurekodi leo baada ya Isha, na dada yangu amekubali kunitumia video zake zote za harusi kwa ajili ya majaribio.